Pombe Haingoji Bolti

Kibanda chenyewe kilitengenezwa kwa ajili ya kunywea chai. Huko kilikotoka watu hukisimamisha bustanini, wakaingia humo mvua inaponyesha na kutazama maua yao dirishani. Hivyo ndivyo mume wangu alivyoelezwa na mtafiti mmoja wa Kizungu aliyemwajiri kutunza bustani kule juu Ngorongoro, kwenye nyumba za ukingoni mwa kreta, ambako ukungu unaweza kukaa mpaka saa ya chakula cha mchana. Mtafiti alikiagiza, kikachelewa njiani, kikafika yeye akifunga mizigo kurudi kwao. Hakuwa na pa kukipeleka. Akampa mume wangu kikiwa bado ndani ya kasha, kama mtu anavyomwachia jirani jogoo asubuhi ya safari.

Kasha likashushwa Karatu na lori la magogo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ambao msumari uliopinda ulinyooshwa kwa jiwe na kuwekwa akiba, mche wa sabuni ulikatwa vipande kwa uzi, na duka la kijiji lilikuwa na rafu safi ajabu kwa sababu hazikuwa na kitu. Basi fikiria kasha la namna ile uwanjani kwetu. Majirani walikuja kulitazama kama waliokuja kuona mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na mbao nyeupe, nyepesi, zinazonuka utomvu, kila moja na namba yake, pamoja na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja. Kulikuwa na picha ya mtu mdogo mwenye kichwa cha mviringo, hana nywele wala nguo, anaonyesha kwa kidole kipande gani kiende wapi. Mume wangu alimpenda mtu yule. Alimtii kuliko alivyowahi kunitii mimi.

Alivipanga vipande chini kwa namba zake, akamtazama mtu mdogo, akavitazama vipande, kisha akavihesabu upya. Vyuma vya kushikia kenchi za paa havikuwamo. Mfuko wa bolti zake haukuwamo. Na ubao mmoja mpana wa paa ulikuwa umepasuka katikati. Kuta zote zilikuwepo, sakafu ilikuwepo, dirisha na kioo chake salama, hata kitasa cha mlango. Kilichokosekana ni kile kinacholifanya paa likae juu ya vichwa vya watu. Kwa bahati njema, au ndivyo tulivyodhani, mtafiti alikuwa hajaondoka. Aliwaandikia watengenezaji, nao wakajibu kwa adabu nyingi kwamba wanasikitika na watatuma vipuri bure, vipitie kwa wakala mmoja wa mizigo Arusha. Mtafiti akapanda ndege. Sisi tukaanza kusubiri.

Mimi sikuwa na haja ya kunywa chai nikitazama maua. Kibanda kile nilikitaka kwa ajili ya mama yangu.

Mama alikuwa kijijini Daa, peke yake, katika nyumba ya zamani ya baba. Baba alikuwa ameshakufa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye kwa desturi ndiye angebaki na mama kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alikwenda Tanga kutafuta kazi, akaoa huko, akanyamaza. Macho ya mama yalikuwa yanaingia ukungu. Alitafuta sufuria motoni kwa kupapasa, na vidole vyake vilikuwa na makovu mapya juu ya makovu ya zamani. Jioni alifunga mlango jua likiwa bado lipo, kwa sababu ya fisi, kisha akakaa humo mpaka asubuhi bila mtu wa kumwambia neno.

Nilimwomba aje kwangu. Alikataa, na sababu yake hata mimi sikuweza kuipinga: mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Kwa mama hilo halikuwa jambo la kukaa na kujadili. Tangu nilipoolewa, yeye na mume wangu hawakuwahi kutazamana usoni. Wakikutana njiani mmoja alitoka kando. Wakiwa na neno la kuambiana walilipitisha kwangu, hata kama sote watatu tumesimama mahali pamoja.

"Nipe nyumba yangu uwanjani kwako, hata iwe ndogo kama kiota, nitakuja leo," aliniambia. "Lakini sitavua kanga yangu mahali ambapo mkwe wangu anavua viatu."

Kwa hiyo kila siku ambayo vyuma vile havikufika ilikuwa siku nyingine ya mama yangu kupapasa sufuria Daa. Hilo ndilo nililoamka nalo, na ndilo nililolala nalo.

Najua mtu ataniuliza: kwa nini msijenge kibanda cha miti na udongo kama watu wengine? Niliuliza hivyo hivyo, wala si kwa sauti ya chini. Miti ilikuwa msituni, msitu ulikuwa na walinzi, na mume wangu mkate wake ulikuwa bado huko huko juu, kwenye bustani za nyumba zilezile. Angeonekana na nguzo moja begani angefukuzwa kazi. Nyasi za kuezekea zilikwisha pale mashamba ya ngano yalipotanuka. Bati lilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kumjua mtu. Nikasema basi tusimamishe kuta za Mzungu na juu yake tuokoteze paa letu wenyewe. Fundi wa kijiji akaja, akazigonga mbao kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Hii ni kama kabati, mama. Ukiitwika mzigo bila vyuma vyake itafumuka."

Mume wangu alifurahi kusikia hivyo. Kila mtu ana ugonjwa wake, na wake ulikuwa kwamba kitu kilichopewa namba hakichanganywi na kisicho na namba.

Sasa, kwetu nyumba hainyanyuliwi na mtu mmoja. Unawaita majirani, wanakuja asubuhi, wanaifanya kazi siku hiyo hiyo mpaka juu, na wewe unawapa pombe, ile tunayoiita buura. Si ujira. Ukimpa jirani pesa aje kukujengea umemgeuza kibarua, na ukimwita bila pombe umemgeuza mtumwa. Pombe ndiyo inayosema kwamba kesho na wewe utakwenda kwake. Lakini pombe hiyo haipikwi kwa siku moja. Unaloweka nafaka, unaifunika iote, unaianika, unaisaga, unasonga uji mzito wa kujaza pipa, unausubiri upoe, unatia kimea, unasubiri tena. Yote ni kazi ya mwanamke. Ikishaanza kuchemka yenyewe mtungini ina siku yake ya kunyweka. Kabla ya hapo ni uji, na baada ya hapo ni siki. Kwa hiyo mwanamke anayepika pombe ya kazi lazima aijue siku ya kazi mapema.

Hapo ndipo tulipokosea, na sidhani kama kuna watu wengine duniani wangeweza kukosea namna ile.

Siku moja utingo wa basi la Arusha alitushushia habari kwamba wakala anasema mzigo umefika. Mume wangu akapanga: yeye atakwenda kuuchukua, majirani watakuja Jumamosi. Nikaloweka mahindi. Nilisaga kimea mpaka mabega yakawaka moto, nikakoroga uji kwa mwiko mrefu kama jembe, na moyoni nilikuwa nikiimba, kwa sababu kila mzunguko wa mwiko ule ulikuwa unamvuta mama kutoka Daa. Ijumaa mume wangu akarudi na sanduku dogo begani. Tulilifungua jikoni, pombe ikitoa mapovu pembeni yetu. Mlikuwa na bawaba mbili, na mlango wa mbao ambao hata mbuzi asingepita. Mlikuwa pia na karatasi, na yule mtu mdogo asiye na nywele alikuwemo, safari hii anaonyesha kwa kidole nyumba ya mbwa.

Nilitazama karatasi ile kwa muda. Mbwa wa huko ana mlango wenye bawaba, na mama yangu hana paa.

"Nitawaambia majirani waje wiki nyingine," mume wangu akasema.

"Waambie," nikamjibu. "Halafu uje uiambie na pombe."

Pombe haingoji bolti. Jumamosi majirani walikuja, na kwa kuwa mtu hawezi kunywa pombe ya kazi bila kazi, walisimamisha kuta. Kazi yenyewe haikuwachosha. Mbao ziliingiliana kama vidole vya mikono miwili, na kabla jua halijapanda sana kibanda kilisimama wima, kizuri, kichwa wazi. Mzee wa jirani, ambaye ndiye aliyekuwa akiombea nyumba zote za upande wetu, alimwaga pombe kidogo kizingitini, akaiombea nyumba ipate watu, mvua na mifugo, kisha akatazama juu, akaona mawingu, akaongeza: "Na kofia." Walicheka mpaka machozi. Walikunywa mpaka mtungi ukainamishwa. Na mimi niliyejua desturi nilikuwa nahesabu hasara yangu kimyakimya, maana nyumba ile ilikuwa imeshanyweka. Ili kuwaita tena kwa ajili ya paa lake, ilinibidi nipike tena.

Mvua za masika zikaingia ndani ya kibanda na kutoka. Mbao zikawa za kijivu. Kuku walitaga kwenye kona, paka akazaa chini ya dirisha, na jogoo wetu akajiona kwenye kioo, akakaa siku nzima akipigana na yule mwingine. Mume wangu alipanda Ngorongoro kazini na kushuka mwisho wa juma, na kila akishuka alipitia kibandani kwanza kabla ya kunisalimu, akapitisha kiganja kwenye kona kuona kama zimeachana. Watu wanasema subira yavuta heri. Nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote, na wanaoisema mara nyingi ni wale wanaosubiriwa.

Mimi nilikwenda Daa kila nilipoweza, na unga kichwani, kuni mgongoni. Mama alinitambua kwa hatua kabla sijafika mlangoni. "Kile kiota?" aliuliza. "Kinakaribia," nilijibu. Siku moja nilimkuta anakula ugali wa kijivu. Nilimega nikaonja: majivu. Alikuwa amefagia jiko, akamwaga majivu kwenye beseni la unga bila kuona, na kwa siku kadhaa alikuwa akila hivyo, akidhani labda mahindi ya mwaka ule ni mabaya. Nilimwaga unga wote nje. Nilimkaripia mama yangu mzazi kama mtoto, kisha nikakaa chini nikalia kwa hasira, naye akanipapasa kichwani akiniuliza mbona nalia kwa ajili ya mahindi.

Niliporudi nilimwambia mume wangu maneno ambayo sitayaandika. Kesho yake alikwenda Arusha.

Alirudi amebadilika uso. Ameviona! Vyuma vyote, vizito, vinang'aa, na bolti zake kwenye mfuko, na ubao mpya wa paa. Amevishika kwa mkono wake. Kilichobaki ni mhuri wa ofisa mmoja aliyesafiri, na ofisa akirudi wakala atalipakia sanduku kwenye basi siku ya Alhamisi. Aliapa. Mume wangu hakuwa mtu wa kuapa, kwa hiyo nilimwamini, nikatoa ulezi niliokuwa nimeuficha kwa ajili ya mwezi wa njaa. Nikaloweka.

Alhamisi basi lilipita Karatu likiwa limejaa mpaka mlangoni. Utingo alikuwa amelala. Sanduku letu likaendelea na safari hadi Mbulu, na huko basi likakatika springi, likalazwa kwenye uwanja wa mtu, mizigo ikafungiwa ndani, mwenye basi akaondoka na ufunguo kwenda kutafuta springi. Basi lenyewe likawa linasubiri kipuri! Nilipoambiwa hivyo nilicheka, na kicheko chenyewe hakikunipendeza.

Jumamosi majirani wakaja. Walikuta ulezi umeiva vizuri kuliko mahindi ya mara ya kwanza, na kazi haikuwepo kabisa. Kwa aibu wakapalilia shamba langu la maharage kidogo, wakakaa kivulini mwa kuta zetu, wakanywa. Jirani yangu wa ng'ambo ya korongo, mwanamke ninayempenda kama dada, aliinua kibuyu akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Mungu avicheleweshe tena, shoga, maana pombe yako ni tamu!" Kila mtu akacheka. Na mimi nikacheka, kama inavyompasa mwenye nyumba, kisha nikaenda nyuma ya zizi nikasimama huko mpaka nikaweza kurudi. Mume wangu alikuwa ameketi ndani ya kibanda, juu yake anga tupu, amemkunjua yule mtu mdogo magotini, anamtazama.

Niliapa na mimi. Sitaloweka tena hata punje moja mpaka nikione chuma kimelala mkononi mwangu. Kiapo chenyewe kilikuwa rahisi, kwa sababu mwaka huo mazao yalikuwa haba, na uongozi wa kijiji ukapiga marufuku kutumia nafaka kwa pombe. Hata kama vyuma vingefika ningewaita watu kwa maji?

Vyuma havikufika. Iliyofika ni mvua, ile iliyogoma wakati wa kupanda ikaja baadaye kwa hasira, na ikaangusha ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama. Habari ililetwa na mtu aliyekuja kusaga. Mama hakuumia, walimtoa kwa upande wa mlango, amelowa, na sasa alikuwa amehifadhiwa kwa jirani yake Daa, chumba cha ndama, akilala kwenye majani. Mume wangu alikuwa nyumbani siku hiyo. Nilimwambia: "Namleta mama. Sijui atalala wapi. Lakini namleta."

Aliingia chumbani kwetu akatoa kitanda chake cha kamba. Akarudi, akatoa blanketi, kigoda chake, viatu vyake vya kazi na koti lake la mvua. Vyote alivipeleka kibandani, akawafukuza kuku, akafunga turubai juu ya kuta kwa kamba. Kisha akaja akasimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, hakuvuka kizingiti.

"Mwambie mama kwamba kuanzia leo hii ni nyumba yako," alisema. "Mimi sina paa humu. Mimi ni mlinzi wa uwanja."

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni, yamepangwa. Ilinibidi niyameze yote.

Tuliazima punda tukaenda Daa. Mama alipakizwa na wanawake wa huko, amefungwa mashuka mawili, na mume wangu akashika kamba mbele, akatembea bila kugeuza shingo njia nzima, kupanda na kushuka, katika utelezi ule mwekundu unaovua watu viatu. Mimi nilikuwa ubavuni, nikibeba maneno yao.

"Mwambie mwenye punda apunguze mwendo."

"Mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie mama punda amesikia."

Nilidhani mama hakucheka, lakini nilipomtazama mabega yake yalikuwa yanatikisika chini ya shuka.

Mlangoni kwangu alisimama. Nilimweleza aliyoyasema mume wangu, neno kwa neno. Akapapasa ukuta pale tulipozoea kutundika vitu, hakukuta cha mwanamume. Akaingia.

Jambo la ajabu ni jinsi alivyokaa upesi. Baada ya siku chache alikuwa na mahali pake karibu na jiko, anamenya maharage kwa vidole bila kuyaona, anawajua wanangu kwa pumzi zao, anajua nani ameiba sukari. Jirani yangu wa ng'ambo ya korongo alikuja kuomba moto akakaa mpaka jioni. Mama alikuwa na hadithi alizozifungia Daa muda mrefu hivi kwamba zilitoka zimebanana, moja ikikanyaga nyingine. Mimi nilikuwa nimechoka, nazunguka kati ya nyumba na kibanda na sahani ya chakula mkononi, namlisha mama huku na mume wangu kule, lakini nilikuwa nasikia sauti yake wakati wote, na hilo lilinitosha.

Mume wangu hakulalamika. Akishuka kutoka kazini alilala chini ya turubai, maji yakijikusanya juu yake kama tumbo la ng'ombe, na asubuhi aliyasukuma kwa fimbo. Alianza kukohoa. Mama alikuwa akisikiliza kikohozi kile, anageuza kichwa upande wa kibanda. "Mwambie avae kofia," alisema. Nikamwambia. Akavaa.

Basi lilipata springi yake, na siku moja, tukiwa tumeshaacha kuuliza, sanduku likashushwa mbele ya mlango wetu, karatasi zake zimeoza kwa unyevu, vyuma vyake vizima. Vilikuwa vyenyewe. Vyote. Mume wangu alivipanga juu ya mkeka akawa anavigusa kimoja kimoja. Mavuno yalikuwa yamekuwa mazuri kidogo na marufuku imelegea. Nikaloweka mara ya tatu. Safari hii mama alikaa kando ya mtungi, anauwekea sikio kama mtu anayesikiliza mtoto tumboni, na yeye ndiye aliyesema, "Kesho." Majirani walikuja kesho yake. Kenchi zilikaa kwenye vyuma vyake, bolti zikaingia matunduni mwake, na paa likafungwa mapema mno, hata wengine wakanung'unika kwamba kazi imekuwa ndogo kuliko pombe. Mume wangu aliufungua na kuufunga ule mlango wa kibanda mara nyingi. Sijawahi kumwona na furaha namna ile, hata siku ya harusi yetu, na sikumwonea wivu. Alikuwa ameistahili.

Jioni hiyo tulimhamishia mama. Ahadi ilikuwa ahadi: nyumba yake, uwanjani kwangu. Alipapasa kuta zote, akanusa mbao, akasema ni laini kama siagi. Nilimtandikia, nikamwekea maji na fimbo karibu, nikafunga mlango ule uliokuwa unafungika vizuri sana, na hakuna sauti iliyopita. Mume wangu akarudisha kitanda chake ndani. Tulilala kama watu waliomaliza.

Asubuhi nilipofungua mlango wa nyumba nilimkuta mama ameketi kwenye ngazi ya kibanda, amevaa nguo zake zote, kifurushi chake magotini. Umande ulikuwa kwenye shuka lake. Nilimkimbilia nikidhani anaumwa. Mume wangu akatoka nyuma yangu, alipomwona akasimama, akageuza uso upande wa korongo.

"Mwambie mkwe wangu nyumba yake ni nzuri," mama alisema. "Haina upepo, haina panya. Tangu nizaliwe sijalala mahali pazuri hivi. Lakini Daa nilikuwa nalala peke yangu nasikiliza paa. Na jana nimelala peke yangu nasikiliza paa."

Nilimgeukia mume wangu nipeleke maneno, kama kawaida yangu. Mume wangu hakuhitaji niyapeleke.

"Mwambie mama nimesikia," alisema, akaingia ndani. Nikasikia kitanda cha kamba kikiburutwa tena kuelekea mlangoni.

Nikakaa pale kwenye ngazi, kando ya mama. Uchovu wote wa mitungi ile mitatu ulinishukia mara moja. Toka siku kasha lilipofunguliwa, mama angeweza kuwa jikoni kwangu, na mume wangu kule chini ya turubai. Hakuna chuma kilichomzuia. Aliyala yale majivu bure.

"Mbona umekaa?" mama akauliza, akanyoosha mkono nimwinue. "Jiko halijawashwa huko ndani. Nasikia baridi."